Uzito wa Biddy

Walikuja kumwomba mbwa siku ya Jumapili, baada ya misa, na nguo zao za kanisani, utadhani wamekuja kuposa. Mossie Hartigan alitangulia, maana nyumba ni ya mdogo wake na haoni kwa nini abishe hodi. Nyuma yake alikuja Statia Quirke, katibu wa klabu yetu ya mchezo wa magongo hapa kijijini Clonbrogan, mama ambaye hajapata kuingia nyumba ya mtu akatoka mikono mitupu.

Mbwa mwenyewe, Biddy, alikuwa amelala chali kwenye kochi, miguu yote minne imeelekea dari. Ni mbwa wa mbio mstaafu, mwembamba, mrefu wa shingo, kahawia mwenye mistari myeusi, na uso wa mtu anayesubiri kuombwa radhi. Pembeni, kwenye nafasi ndogo aliyobakishiwa, alikaa Colm Hartigan, mwenye nyumba, na fulana ya kulalia.

"Haya, tazama hiyo," alisema Mossie. "Malkia na mtumishi wake."

"Karibuni chai," alisema Noreen, mke wa Colm, huku akimenya viazi, kwa sauti ya mtu anayeomba Mungu wakatae. Hawakukataa.

Statia aliweka mkoba mapajani akaanza kupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alisema Noreen amependeza, Colm ana rangi nzuri siku hizi, viazi vyao mwaka huu si mchezo. Kisha akafika penyewe. Kila mwaka klabu hukodi jioni moja kwenye uwanja wa mbio za mbwa. Parokia nzima hununua tiketi, hubeti, hula chipsi, na faida huingia klabuni. Mwaka huu meneja wa uwanja alikuwa na ombi. Kuna watu wa mjini walioanza kusimama getini na mabango, wakiuliza mbwa wa mbio huenda wapi wakizeeka. Meneja alitaka watu waone mbwa mmoja aliyestaafu salama na kunenepa. Mmoja alimtosha. Wengine wako wapi, sisi wa Clonbrogan hatujawahi kuulizana, na meneja hakuwa na mpango wa kuanza.

"Na mbwa wa tiba, Colm!" alisema Statia. "Anayemsaidia mgonjwa! Watu watalia."

"Mgonjwa ni mimi?" Colm aliuliza.

"Si neno hilo, jamani. Nimesema tu."

Lakini ndilo neno lililotumika kijiji kizima, pale lisipotumika lililo baya zaidi. Colm alikuwa dereva wa lori la maziwa. Asubuhi moja kwenye kona ya kinu cha kusagia nafaka kijana wa baiskeli aliteleza akaingia chini ya magurudumu, na polisi wakasema, tena kwa maandishi, kwamba dereva hana kosa lolote. Colm alirudi nyumbani, akavua viatu, na hakuvivaa tena karibu mwaka mzima. Hakupanda gari. Hakufika hata kwenye lango lake. Kifua kilimbana, pumzi ikakata, mwanamume wa kilo tisini akawa anashikilia fremu ya mlango. Daktari alishauri mbwa. Noreen akamchukua Biddy kwa Mossie, mfugaji wa mbwa wa mbio, ambaye siku hizo alikuwa ameshachoka kumlisha mbwa anayemaliza wa nne, akampeleka kwa watu wanaofundisha mbwa wa tiba, na Biddy akarudi na fulana ya kijani na kazi mpya.

Kazi yenyewe hakuhitaji kufundishwa. Mbwa wa aina yake huegemea. Ukisimama, anakuja ubavuni, anakutupia uzito wake wote pajani kama mlevi kwenye nguzo, na anabaki hapo. Biddy alikuwa na la ziada: ukihema vibaya haondoki mpaka pumzi yako itulie, umsukume, umwite, umpe nyama. Kwa kuegemewa hivyo Colm alifika langoni, baadaye kwa jirani, na sasa dukani kwa magazeti. Bila Biddy, kochi. Alishajaribu.

Sisi tulicheka, bila shaka. Dume zima linashikwa mkono na mbwa. Dukani walimuuliza Noreen kama Biddy ndiye anayelipa bili.

"Biddy hapendi kelele," alisema Colm.

"Biddy kazaliwa kwenye kelele!" alisema Mossie. "Nimemtoa mimi tumboni kwa mama yake kwa mikono hii. Wewe umemfundisha kula mkate wa siagi."

"Atatembea tu?"

"Atatembea tu, mdogo wangu. Anavishwa koti la klabu, mzunguko mmoja, picha, anarudi kwenye kochi lenu kabla hujamaliza kulia."

Colm alimtazama Noreen. Noreen alitazama viazi. Alikuwa amechoka kuwa mke wa kichekesho, na jioni moja ya watu kusimama na kumpigia makofi mbwa wake ilimtamanisha, na alijichukia kwa hilo. "Nitakuwa naye mwenyewe," alisema. Ndiyo ikawa ruhusa. Statia, akitoka, alibeba pia mtungi wa jamu.

*

Jumamosi ilikuwa na jua, lile jua la Juni lisilojua kuzama. Noreen alimwosha Biddy, akampakia nyuma ya gari, akamwacha Colm dirishani.

Uwanjani Mossie alimpokea kamba mkononi. "Nipe, shemeji. Kwenye mchanga wanaingia wenye leseni tu."

"Kutembea tu, Mossie."

"Mara ngapi?"

Biddy alitembea, na alitembea vizuri, ndani ya koti la bluu na dhahabu lililomfika magotini. Mtangazaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba huyu ndiye Fahari ya Clonbrogan, mshindi wa zamani, ambaye leo anastarehe na familia inayompenda na kumtumikia mwananchi mwenye shida. Tulipiga makofi. Wanawake wakafuta macho kweli, Statia hakukosea. Meneja akapiga picha zake, na kwa hesabu ya mtu mwenye akili mambo yalikuwa yamekwisha.

Hapo ndipo fundi wa upande wa pili alipowasha sungura wa bandia ili kumjaribu kwa ajili ya mbio inayofuata. Ni kitambaa tu kwenye mkono wa chuma, kinakimbizwa na mtambo kwenye reli, lakini mtambo ule unaanza kwa mlio mwembamba unaopanda na kupanda. Biddy alisimama. Masikio yakanyooka. Alianza kutetemeka kuanzia mkiani hadi shingoni, na mtetemeko ukapita kwenye kamba ukaingia mkononi mwa Mossie.

Watu wa mbwa wa mbio wana imani yao, na padri hawezi kuwatoa humo: mbwa akitetemeka kwa sungura, kumnyima ni ukatili. Mossie hakufanya kwa ubaya. Ingekuwa ubaya ningemheshimu kidogo. Macho yake yalijaa machozi, akasema kwa sauti, "Maskini, mnaona bado anataka," na kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo akamvua koti, akamvisha kifunga mdomo alichokuwa nacho mfukoni. Kwa nini alikuwa nacho mfukoni, hilo naye hakujiuliza.

"Mwachie!" mtu alipaza sauti kwenye ngazi. "Mwachie, Mossie!" Ikawa wimbo. Meneja aliangalia saa, akaangalia watu, akainua kidole gumba.

Noreen aliruka akashika uzio. "Mossie! Mossie, wee!" Mlio wa mtambo ulimmeza.

Mossie alimwingiza kwenye kibanda cha kuanzia mbio, kikafunguka na Biddy akatoka. Alikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Kona ya kwanza alipita kama maji. Ya pili pia. Lakini yule alikuwa mbwa wa mkate na kochi, mwenye kucha ndefu na nyama laini, na roho iliyosahau vyote hivyo. Kona ya tatu mguu wa nyuma wa kulia ulienda upande wake, mwili ukaenda upande mwingine, na akabiringika hadi kwenye uzio. Hakulia. Alisimama kwa miguu mitatu, akamtafuta sungura kwa macho.

Watu wakasema "aaah." Kisha wakafungua ratiba zao kuona mbio inayofuata inaanza saa ngapi.

*

"Ameanguka," Noreen alisema kwenye simu. "Colm, Mossie alimkimbiza. Mguu umevunjika. Wamempeleka chumba cha daktari na Mossie anawaambia wamchome sindano ya kummaliza. Mimi hawanisikilizi, wanasema niketi, wananiletea chai. Colm? Upo?"

Alikuwepo. Alikuwa chini, mgongo kwenye mlango, akitafuta pumzi kwenye chumba kilichojaa hewa. Huwa Biddy anakuja sasa. Alinyoosha mkono ubavuni kabla hajakumbuka.

Alitoka na ndara za nyumbani, kwa sababu kutafuta viatu kungempa nafasi ya kufikiri. Lango alilipita. Nyumba ya jirani aliipita. Duka la magazeti, mwisho wa dunia yake, lilikuwa limefungwa, na akalipita. Mbele ilikuwa barabara ya uwanjani, na kwenye barabara ile, kona ya kinu.

Gari lilipunguza mwendo kando yake. Alikuwa Fonsie Meagher wa duka la vyuma, amechelewa mbio, dirisha wazi.

"Colm! Si ndoto hii! Umetoka!"

Colm alitembea.

"Peke yako? Yuko wapi mlezi wako?" Fonsie akacheka, kisha akaona ndara. "Panda nikufikishe."

"Siwezi."

"Huwezi kupanda gari ila unaweza kutembea barabarani na viatu vya kulalia. Haya bwana." Na badala ya kwenda zake, aliendesha polepole sambamba naye, mkono mmoja dirishani, akipiga domo juu ya bei ya mabomba. Hiyo ndiyo huruma ya Clonbrogan. Inakusindikiza isikose chochote.

Penye kona maua ya plastiki yalikuwa yamefungwa kwenye mti wa uzio. Mama wa kijana huyabadilisha kila mwezi. Haya yalikuwa ya njano. Colm alisimama. Alivuka barabara hadi kwenye ukuta wa mawe wa kinu, akaubandika paja, kiuno, bega, akautupia uzito wake wote, akabaki hapo.

"Umelewa?" aliuliza Fonsie kwa upole.

Ukuta haukuwa na joto na haukunuka mkate. Lakini haukusogea. Pumzi moja ilishuka, nyingine ikashuka. Colm alisema jina la yule kijana kwa sauti, mara ya kwanza tangu siku ile, "Eoin," akaendelea na safari. Fonsie alipandisha kioo. Aliyoyaona yalimtosha wiki nzima.

*

Getini alikaa Statia na kijisanduku cha tiketi.

"Ee, Colm! Pole, pole sana, sote tumeumia. Euro kumi."

"Statia, mbwa wangu anauawa humo ndani."

"Najua, mpenzi. Lakini ni ya klabu. Nikimwachia mmoja, kesho niseme nini kwa wengine?"

Alipapasa mifuko. Vilitoka vipande vya biskuti ya mbwa. Statia aliviangalia kwa muda, kwa haki, kama mtu anayepima. "Basi utalipa ukitoka," alisema. "Nitakumbuka." Na alikumbuka. Kesho yake, Jumapili, alimdai Noreen kwenye ngazi za kanisa.

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo na kinanuka dawa. Biddy alilala mezani juu ya lile koti la bluu na dhahabu. Daktari wa wanyama, binti aliyeanza kazi majuzi, alikuwa na sindano imeshajazwa. Noreen alisimama kati yake na meza, kikombe cha chai ya watu kimemshinda mkononi. Mossie alikuwa amepiga magoti, kofia ameivua, akikishika kichwa cha Biddy na kumwambia maneno ya kitoto. Alikuwa analia.

Alimwona Colm, akaangalia nyuma ya Colm, kama kuna mtu amemleta.

"Umekujaje?"

"Kwa miguu."

"Na nani?"

"Na miguu, Mossie." Colm alimgeukia binti. "Mguu unatengenezeka?"

"Kifundo kimesagika," alisema. "Kutengenezwa unaweza, huko hospitali ya wanyama mjini. Hatakimbia tena. Atachechemea. Ila kaka yako anasema kwa kawaida hapa..."

"Hapa tunawahurumia," alidakia Mossie. Alisimama, akafuta pua kwa mkono wa koti. "Colm, mdogo wangu, nisikilize. Wewe hujui mbwa. Huyu aliumbiwa kitu kimoja. Ukimpeleka nyumbani hivi atakuwa nini? Atalala kochini kutwa, anatazama dirisha. Hafai kazi. Hata mlangoni hawezi kufika mpaka ashikwe. Mzigo kwa watu. Ni maisha gani hayo? Bora kumaliza, kwa heshima yake."

Nje mtangazaji alitaja washindi.

"Endelea, shemeji," alisema Noreen. "Usiishie hapo. Sema yote leo."

Mossie alikuwa amesikia alichosema, kwa kuchelewa, kama kawaida yake na ya ukoo wake. Masikio yakamwiva.

"Weka sindano chini, binti," alisema Colm. Hakupaza sauti. Aliingiza mkono mmoja chini ya kifua cha Biddy na mwingine chini ya mapaja, akamwinua pamoja na koti la klabu. Kilo thelathini. Alipita naye katikati ya watu waliokuwa kwenye foleni ya chipsi, ndara zikimvuka, Noreen akimfungulia njia kwa viwiko. Na sisi tukapiga makofi. Hatukujua tunashangilia nini, ila ilionekana kama sehemu ya shughuli, na tiketi tulishalipia.

Kwenye gari alisimama. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Biddy alimwangalia kutoka mikononi mwake, akapiga mwayo. Colm aliingia kiti cha nyuma, akamlaza mapajani, akafumba macho.

"Endesha," alimwambia Noreen. "Usiende kasi."

*

Kufikia Agosti kijiji kilikuwa na hadithi yake, na mponyaji wa Colm Hartigan alikuwa kaka yake. Hebu fikiri, tuliambiana: miezi yote ile madaktari wameshindwa, Mossie anamkimbiza mbwa mara moja tu na jamaa anatembea! Fonsie aliapa kwamba Mossie alipanga tangu mwanzo. Mossie alikanusha siku ya kwanza. Siku ya pili alikanusha kidogo. Siku ya tatu aliacha watu wamnunulie bia. Meneja naye alipata picha yake gazetini, mbwa mstaafu mwenye furaha, iliyopigwa dakika chache kabla ya mbwa huyo kuvunjika.

Picha hiyo hiyo ndiyo Mossie aliyoileta nyumbani kwa mdogo wake, kwenye fremu ya dhahabu, Jumapili baada ya misa. Safari hii alibisha hodi.

Colm alikuwa amevaa viatu. Alishafika mpaka mjini, mara tatu, kumpeleka Biddy kwa daktari wake, na moja kati ya hizo aliteremka penye kona ya kinu na kumkuta mama wa Eoin akifunga maua. Walichosemezana ni chao.

"Mtaitundika juu ya kochi," alisema Mossie, akiisimamisha fremu mezani. Hakuna aliyeigusa. Noreen alimmiminia chai, kwa kuwa chai hata adui hupewa. Mossie aliinywa ikiwa ya moto mno. "Watu wanasema mambo," alisema. "Mnawajua watu. Wanasema eti mimi..." Alijaribu kucheka. "Lakini ukifikiria, Colm. Ukifikiria kweli. Kama nisingemwachia siku ile, ungekuwa bado dirishani. Si ndiyo? Kuna baraka ndani yake. Mimi mwenyewe nalala vizuri nikilifikiria hivyo."

"Unalala vizuri," alisema Colm.

"Karibu kila siku."

Kochi lilitoa mlio. Biddy alikuwa ameisikia sauti. Aliteremka kwa zamu, miguu ya mbele, kisha ule mzima wa nyuma, kisha ule wenye vyuma, uliokauka kama mguu wa kiti. Alivuka jikoni akichechemea, mkia ukipiga kabati, moja kwa moja hadi kwa Mossie. Hakuwa na kinyongo, hakuzaliwa nacho. Mossie aliinuka haraka, kana kwamba anataka kumpisha, na akasimama pale, na Biddy akaja ubavuni mwake akamtupia paja uzito wake wote.

Mossie aliweka kikombe mezani. Aliangalia ukuta, akaangalia picha, akaangalia ukuta tena. Kifua chake kilipanda na hakikushuka sawasawa.

"Mwondoe," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Colm. Mwite mbwa wako, bwana. Tafadhali. Mwondoe."

Colm aliinua birika, akamwongezea kaka yake chai hadi ukingoni.

"Hatoki," alisema, "mpaka amalize."